Nyumba moja, mifumo mitatu: mtoto anapita wapi mpaka afike PhD?

MamaWatatu

Hamjambo wote. Nauza viatu vya mitumba Gikomba, nyumbani ni Kayole. Kwangu kuna mifumo mitatu ya elimu na hakuna unaosikizana na mwingine. Baba mkwe alisoma ile ya zamani, darasa la saba, Fom Fo, halafu Fom Siksi, na mpaka leo akitaka kukunyamazisha anakuuliza, "Kwani wewe ulifika Fom ngapi?" Mimi na mume wangu ni watu wa 8-4-4, miaka 8 ya msingi, 4 ya sekondari, 4 ya chuo kikuu. Binti yangu mkubwa yuko Fom Thrii, darasa la mwisho kabisa la 8-4-4. Mdogo wake yuko Gredi ya 9. Kitinda mimba yuko PP2, chekechea.

Huyu wa Gredi ya 9 amekuja na karatasi ya kuchagua mkondo na shule. Anasema atakuwa profesa. Profesa wa nini? Hajui, profesa tu. Babu yake akacheka, akasema hakuna profesa asiyepita Fom Siksi. Mume wangu akasema hapana, ni A ya KCSE, ule mtihani wa Fom Fo. Mtoto akawaambia wote wawili ni wa kale. Mimi sikusema kitu kwa sababu viazi vilikuwa vinaungua.

Naomba mtu anieleze kwa maneno ya kawaida. Mtoto akianza PP1 mpaka aitwe Daktari, si wa hospitali, yule wa vitabu, anapita wapi na kwa miaka mingapi? Ni wapi mlango unaweza kumfungikia? Na dada yake wa 8-4-4, watakutana chuo kikuu kimoja ama kila mtu na njia yake? Tafadhali msinitumie linki. Nimezifungua, zimejaa mishale na visanduku.

Otis_wa_Umoja

Mama, mbona ni rahisi. Ukiwa na pesa ni 2-6-3-3-3. Ukikosa ni 2-6-3, halafu Kamukunji kupiga mabati.

Saiba_Ngara

Mama Watatu, pole kwa viazi.

Mimi si mwalimu. Nina saiba hapa Ngara, juu ya duka la simu, na riziki yangu ni kujazia watu fomu. Asubuhi anakuja mzazi wa Gredi ya 9, mchana kijana anayeomba mkopo wa chuo wa HELB, jioni mtu wa PhD analeta flashi anataka nakala za tasnifu zenye jalada gumu na maandishi ya dhahabu mgongoni. Kwa hivyo huu mfumo naujua kwa upande wa makaratasi, na huko ndiko watu wengi hukwama.

Kwanza msimcheke mzee. Mfumo wake ulikuwa 7-4-2-3. Miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari, 2 ya Fom Faivu na Siksi, 3 ya digrii. Januari 1985 ikaingia 8-4-4, kwa pendekezo la tume ya Mackay ya 1981, hiyo hiyo iliyotaka nchi iwe na chuo kikuu cha pili, ndipo Moi ikaanzishwa 1984. Jumlisha wa babu, ni 16. Jumlisha wenu, ni 16. Miaka miwili ya Fom Faivu na Siksi iligawanywa, mmoja ukapelekwa msingi na mwingine chuo kikuu. Kwa hivyo babu anasema kweli ya wakati wake, maana maprofesa wa rika lake walipitia huko.

Huu wa sasa, ambao wengi wanauita CBC, ni 2-6-3-3-3. PP1 na PP2, Gredi ya 1 hadi 6, shule ya sekondari msingi Gredi ya 7 hadi 9 (mara nyingi ndani ya ua lile lile la shule ya msingi), halafu sekondari ya juu Gredi ya 10 hadi 12. Ile 3 ya mwisho ni chuo, na maana yake ni angalau mitatu, usiishike sana. Digrii nyingi leo ni miaka 4, uhandisi 5, utabibu 6. Ona sasa: 6+3+3 ni 12, na 8+4 ni 12. Mtoto wako akimaliza Gredi ya 12 atakuwa amekaa darasani miaka sawa na dada yake aliyemaliza Fom Fo. Wazazi wanaoniambia CBC imewaongezea watoto miaka, huwa nawapa kikokotoo.

Ulipouliza mlango unafungika wapi, wengi watakutisha na chuo kikuu. Mimi nasema ni hapo ulipo sasa, Gredi ya 9, na hata si mtihani wenyewe. Mtihani wa KJSEA ulifanywa mara ya kwanza 2025. Una masomo 9, kila moja lina viwango 8, kuanzia EE1 yenye pointi 8 hadi BE2 yenye pointi 1, kwa hivyo pointi za juu kabisa ni 72. Na huo mtihani peke yake ni asilimia 60 tu ya alama ya mwisho. Asilimia 20 zilitoka kwa mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6, na 20 nyingine ni kazi za shuleni za Gredi ya 7 na 8. Yaani 40 za mwanao ziko ndani tayari. Na hakuna anayerudishwa nyumbani eti amefeli, wote wanapangiwa shule.

Kazi iko kwenye ile karatasi uliyoshika. Mikondo ni mitatu: STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, sayansi za jamii, ambamo pia kuna lugha na biashara, na sanaa na michezo. Kila mtu atasoma Kiingereza, Kiswahili au lugha ya ishara, Hesabu, na huduma kwa jamii. Hesabu zenyewe ni za aina mbili: ya STEM ni nzito, ya mikondo mingine ni nyepesi kidogo. Juu ya hayo anaongeza masomo matatu ya kuchagua. Hayo matatu ndiyo yatakayomfuata mpaka chuoni. Na si kila shule ina kila mchanganyiko.

Juzi alikuja baba mmoja na binti yake. Baba yuko na overoli ya karakana, mafuta mpaka kwenye viwiko, na anataja shule moja tu. Nilikuja kuelewa ni ile aliyoikosa yeye akiwa kijana. Binti anataka Biolojia, Kemia na Kilimo. Tukaangalia orodha, shule ya baba haina mchanganyiko huo. Baba akaniambia, "Wewe iweke tu, watampa." Nikamwambia mzee, mwalimu ndiye anayeingiza mwishoni kule shuleni, na mchanganyiko usipokuwa kwa hiyo shule hata jina la shule halitatokea. Akashuka ngazi kumpigia mkewe. Binti akavuta kiti karibu na skrini, akaniambia polepole, "Tafuta zenye Kilimo kabla hajarudi." Tulipata kadhaa, mbili zikiwa za kutwa.

Kwa hivyo mama, anza na masomo matatu, ndipo utafute shule. Majina ya shule yanayochaguliwa ni 12, nafasi unayo. Na usizidharau za kutwa. Serikali imeweka Sh22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari, na katika shule ya kutwa hiyo ndiyo karo yenyewe. Inachelewa, ndiyo, na chakula cha mchana na sare ni zako, lakini si sawa na bweni.

Binti wa Fom Thrii: KCSE yake ni 2027, na hiyo ndiyo ya mwisho ya 8-4-4. Si lazima A. Kuingia digrii ni C+ kwenda juu. Tangu 2023 alama ya jumla inahesabiwa kwa Hesabu, lugha moja iliyo bora, na mengine matano aliyofanya vizuri zaidi. Lakini kozi nazo zina masharti yake. Digrii ya Sheria inataka B ya Kiingereza au ya Kiswahili. Ualimu wa sekondari unataka C+ kwa yale masomo mawili atakayofundisha. Nimewaona wenye B ya jumla wakikosa kozi kwa sababu ya somo moja lililolala. Akipata, anaomba kupitia KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, anaingia 2028. Mdogo wake anamaliza Gredi ya 12 mwaka 2029, anaingia 2030, na kama dada amechukua kozi ya miaka 4 atakuwa bado yuko. Watakutana, lango ni moja.

Pesa za huko: tangu 2023 ufadhili uko vipande vitatu, msaada wa serikali, mkopo wa HELB, na sehemu ya familia, kulingana na hali ya nyumbani. Ile fomu inauliza mpaka mnalipa kodi ya nyumba ngapi. Jibuni ukweli na muwe na karatasi za kuonyesha. Kuna wanaojaza kwa majivuno, eti baba ni mfanyabiashara, kumbe ana kibanda cha mkaa, halafu wanakuja hapa kulia wakipangiwa kulipa.

PhD nawaachia wenyewe. Mimi najua tu bei ya jalada.

BombaZaKike

Otis, umenigusa. Nafundisha ufundi wa mabomba katika chuo cha kiufundi hapa Nairobi, na hiyo Kamukunji unayoitania siioni kama mwisho wa safari.

Saiba ameeleza vizuri lakini ameruka upande wetu. Nchi ina ngazi za sifa za elimu, kumi kwa jumla, na ziko kwa sheria tangu 2014. Fundi stadi ni ngazi ya 4, cheti cha ufundi ni ya 5, diploma ya 6, digrii ya 7, uzamili ya 9, na PhD ndiyo ya 10. Mtu wa KCSE mwenye C- anaingia diploma. Mwenye D anaingia cheti. Aliye chini ya hapo anaanza na ngazi ya 4, kisha anapanda moja baada ya nyingine. Kuna vyuo vikuu vinavyomchukua mwenye diploma na kumhesabia sehemu ya aliyosoma, asirudi mwaka wa kwanza. Ile iliyokuwa Kenya Polytechnic pale Haile Selassie, iliyoanza 1961, tangu 2013 ni chuo kikuu cha kiufundi kamili.

Na kwa yule ambaye hakusoma kabisa lakini kazi anaijua, kuna utaratibu wa kutambua ujuzi wa awali. Tunamwita, anafanya kazi mbele ya watahini, anapewa cheti cha ngazi anayostahili. Nilimpima baba mmoja ambaye amefunga mabomba ya nusu ya maghorofa ya mtaa wa Pipeline. Tulimpa mchoro akauweka kando bila kuutazama, akapiga goti, akapapasa ukuta, akatuambia mahali bomba la zamani lilipopita. Lilikuwa hapo hapo. Sehemu ya maswali ya kuandika tulimsomea, akajibu kwa mdomo, kwa Kikamba na Kiswahili kilichochanganyika.

Mama Watatu, hii njia ni ndefu zaidi, sikufichi. Lakini nina mwenzangu aliyeanza na cheti na sasa anasoma uzamili. Kitu kimoja umwambie mwanao: zipo taaluma ambazo hata ukifika na diploma nzuri, wataangalia tena ile C+ ya sekondari. Aulize mapema kabla hajalipa karo ya mtu.

Otis_wa_Umoja

Wueh. Samahani mwalimu, nilikuwa natania. Nina D+ yangu hapa, hiyo ngazi ya 5 inachukua watu wa miaka 34?

BombaZaKike

Inachukua. Darasani kwangu kuna aliyekuzidi. Njoo na cheti chako.

Tasnifu_Sura_ya_4

Mimi ndiye yule anayemletea Saiba flashi. Niko mwaka wa PhD ambao sitautaja hapa kwa sababu mama yangu yuko mtandaoni siku hizi.

Kwanza, mama, mwambie mwanao kwamba profesa si digrii. Digrii ya mwisho ni PhD, ndiyo inayokupa jina la Daktari. Profesa ni cheo cha kazi. Ukishakuwa na PhD unaajiriwa mhadhiri, unapanda kuwa mhadhiri mwandamizi, kisha profesa mshiriki, kisha profesa kamili, na kila kipandio kinadai machapisho, wanafunzi uliowasimamia mpaka wakahitimu, na kusubiri nafasi itangazwe. Kuna watu wana PhD miaka mingi na hawajaitwa profesa.

Miaka nayo, kwa hesabu ya karatasi: anaanza PP1 akiwa na 4, Gredi ya 12 anamaliza na 18, digrii 22, uzamili wa miaka 2 ni 24, PhD angalau 3, basi 27. Sijakutana na huyo mtu wa miaka 27. Wengi tuko kazini, tuna watoto, na mwishoni mwa 2025 wahadhiri waligoma wiki nyingi, nani angekusomea sura?

Uzamili kwanza. Kwa kawaida mwaka mmoja ni wa masomo ya darasani na mitihani, wa pili ni utafiti na tasnifu. Hapo ndipo wengi hupotea, wanamaliza masomo vizuri halafu tasnifu inakaa kabatini. PhD ni utafiti wako mwenyewe, jambo ambalo halijaandikwa. Unaanza na pendekezo, unalitetea mbele ya idara. Likipita unatafuta idhini ya maadili, halafu kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya serikali ya sayansi, na bila hicho usithubutu kumhoji mtu. Kisha nyanjani, kisha kuandika. Kabla ya kutetea tasnifu yenyewe unatakiwa uwe na makala mbili kwenye majarida yanayopitiwa na wataalamu. Inapimwa pia kama umenakili kazi ya mtu. Halafu inaenda kwa watahini, mmoja akiwa wa nje ya chuo, na kumsubiri huyo wa nje ni kozi nyingine. Ndipo unaitwa kuitetea, unapewa marekebisho, na ukishayamaliza unamletea Saiba flashi.

Yangu naiandika kwa Kiswahili, idara zetu zinaruhusu, na ni kuhusu lugha ya makanga wa matatu za hapa mjini. Fomu ya ridhaa ilikuwa kurasa mbili. Makanga wa kwanza niliyempa aliigeuza, akatafuta muhuri, akanirudishia: "Madam, nikisaini hii ni kama nimeshikwa na kanjo," yaani askari wa jiji. Ikabidi nirudi kwa kamati ya maadili kuomba niwarekodi wakikubali kwa sauti. Walikubali baadaye, barua yao ikaja baadaye zaidi. Hiyo ndiyo PhD, nusu yake ni kusubiri barua.

Na pesa. HELB inakopesha hata watu wa uzamili na PhD, lakini wengi tunajilipia. Mimi nafundisha vibarua vya muhula katika chuo kimoja ambacho hulipa kinapokumbuka. Vyuo vikuu viliambiwa 2014 kwamba wahadhiri wote wawe na PhD kufikia 2018. Tarehe ilipita na sisi tukiwa bado kwenye sura ya pili.

Kwa mwanao sioni haja ya kuamua leo ni profesa wa nini. Mkondo wowote una maprofesa wake, hata wa sanaa na michezo. Mimi nisingemsukuma STEM kwa ajili ya jina tu. Kama anasoma na kuuliza maswali yasiyoisha, mpe masomo anayoyapenda, hayo ndiyo atakayoweza kukaa nayo miaka ishirini.

MamaWatatu

Nimesoma yote nikiwa kwa matatu, nimepitisha steji. Mume wangu naye amesoma, anasema hiyo hesabu ya 16 atamwonyesha babake Jumapili.

Mtoto nimemuuliza vile mlivyosema, masomo matatu tu, bila jina la shule. Amesema Historia, Jiografia, na la tatu anabadilisha kila saa, mara Fasihi mara Biashara. Kwa hivyo ni sayansi za jamii. Babake alitaka uhandisi, tumesikizana kwa shida.

Swali la mwisho kwa Saiba. Cheti chake cha kuzaliwa kimeandikwa Mutiso, lakini shule imekuwa ikimwandika Mutisya tangu Gredi ya 4. Mwalimu anasema haina shida. Ina shida ama haina?

Saiba_Ngara

Ina shida. Leo haitaonekana, itaonekana akiwa na miaka 18 anaomba kitambulisho, halafu HELB, halafu kila cheti kitamfuata na jina la pili. Nilihudumia mtu wa uzamili aliyezuiwa kwenye orodha ya kufuzu kwa sababu ya herufi kama hizo, akaapa kwa wakili, akasubiri mwaka uliofuata.

Nenda shuleni na cheti halisi cha kuzaliwa na nakala yake, mwombe mwalimu mkuu arekebishe kwenye mfumo kabla usajili wa KJSEA haujafungwa. Usikubali kuambiwa "tutarekebisha baadaye". Kaa ofisini mpaka uone jina limebadilika kwa skrini, na uombe wakuprintie ule ukurasa. Wakikosa wino, njoo kwangu, ni shilingi kumi, na Fasihi ama Biashara tutaangalia shule zipi zinazo zote mbili zikiwa na Historia na Jiografia. Jumamosi nafunga saa nane.